Muulize Afande: "Ceska yangu ya 9mm, niibadilishe kwa .45?"

Nilifundisha shabaha miaka 22 kabla ya kustaafu, na hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hili la unene wa risasi. Mwezi huu barua sita zimelileta, kila moja kwa mlango wake. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, maana aliyeandika yuko karibu kutupa pesa.

*

*Habari Afande. Nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road, Nairobi. Baada ya kuvamiwa mara mbili wakati wa kufunga duka niliomba cheti cha kumiliki bastola, nikapewa, na huu ni mwaka wa tatu nabeba bastola ya Ceska, ya 9mm. Shida ni marafiki zangu. Kila tukikutana kwenye nyama choma wananiambia 9mm ni ya kuchokoza tu, mwizi aliyevuta bangi utamtoboa na ataendelea kuja. Wanasema nitafute .45, hiyo ikimgonga mtu inamrusha nyuma. Niombe kubadilishiwa?*

Ndugu yangu, kaa na Ceska yako.

Tuanze na hilo la kurushwa. Bastola inapolia, msukumo unaopeleka risasi mbele ndio huo huo unaorudi nyuma kwenye kiganja chako. Kama risasi ingeweza kumrusha mwanamume mzima, wewe uliyeifyatua ungekuwa wa kwanza kulala chali. Hesabu hii nimeiandika ubaoni mara nyingi. Kichwa cha risasi ya 9mm kina uzito wa gramu 8 hivi, kinatoka mtutuni kwa kasi ya mita 350 kwa sekunde. Gawanya msukumo wake kwa mtu wa kilo 70 utapata mwendo wa sentimita 4 kwa sekunde. Abiria anayepigwa kikumbo kwenye mlango wa matatu husogea zaidi ya hapo. Mtu aliyepigwa risasi akaanguka, ameanguka kwa sababu mwili umekatika mahali fulani, au kwa sababu amejua amepigwa na moyo wake ukakubali kuanguka.

Sasa hiyo .45 unayosifiwa. Namba yenyewe ni sehemu ya inchi, yaani unene wa milimita 11 na nusu. Kichwa chake ni kizito, gramu 15 kasoro kidogo, lakini kinakwenda taratibu, mita 255 kwa sekunde. Ukipiga hesabu ya nguvu, hiyo na 9mm zinakutana karibu na jouli 490 zote mbili. Moja ni nzito na ya pole, nyingine nyepesi na ya haraka. Kinachobaki ni upana wa tundu, na tofauti yake ni kama unene wa njiti ya kiberiti. Kwa kutazama kidonda peke yake, hata daktari wa upasuaji hupata shida kusema ni ipi kati ya hizo mbili iliyokifanya.

Ukitaka kuona tofauti ya kweli, chukua risasi ya AK. Kichwa chake nacho ni gramu 8, sawasawa na cha Ceska yako. Lakini kinakwenda mita 715 kwa sekunde, na nguvu yake inapita jouli 2,000. Uzito ule ule, kasi mara mbili, nguvu mara nne. Ndiyo maana nasema bastola zote, ya marafiki zako ikiwemo, ni silaha dhaifu. Tunazibeba kwa sababu zinakaa kiunoni. Tarehe 21 Septemba 2013 raia wenye vyeti waliingia jumba la maduka la Westgate, Nairobi, na bastola zao, mbele yao kukiwa na watu wenye bunduki za kivita, wakasaidia watu kutoka wakiwa hai. Ujasiri wao siwezi kuupima. Lakini kilichowasaidia ni kujificha vizuri, kulenga, na kuongozana. Unene wa risasi haukuwa na nafasi pale.

Mwili wa binadamu unasimamishwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni mtu kukubali kusimama: ameona mtutu, au amesikia mlio, akaamua kukimbia. Hii ndiyo inayotokea mara nyingi, na hapo kaliba yoyote, yaani unene wowote wa risasi, inatosha. Ya pili ni risasi kufika kwenye ubongo au uti wa mgongo wa juu, na hapo mtu huzima papo hapo. Shabaha hiyo ni ndogo na inatembea. Ya tatu ni damu kupungua mpaka nguvu zinaisha, na hii inachukua muda. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliandika mwaka 1989 kwamba hata moyo ukiharibiwa kabisa, ubongo bado una oksijeni ya kumwezesha mtu kufanya anachotaka kwa sekunde 10 hadi 15. Jaribu kuhesabu sekunde 15 ukiwa umesimama mlangoni pa duka lako. Kwa muda huo mtu mwenye panga anavuka Kirinyaga Road na kurudi.

Najua hadithi ya .45 ilikotoka, na ina ukweli ndani yake. Mwanzoni mwa karne iliyopita Wamarekani walikuwa wakipigana na Wamoro huko Ufilipino ya kusini, Waislamu waliokataa kutawaliwa. Askari walikuwa na bastola za mzunguko, yaani rivolva, za .38 za zamani, dhaifu sana, wakaripoti kwamba mpiganaji anapigwa mara kadhaa na bado anafika na jambia lake. Mwaka 1904 jeshi likawatuma maofisa wawili, Thompson na LaGarde, wafanye majaribio. Walipiga risasi maiti na ng'ombe wa machinjio ya Chicago, wakahitimisha kwamba bastola ya jeshi isipungue .45. Mwaka 1911 ikapitishwa bastola ya John Browning, na sifa yake haijapoa mpaka leo. Wasimulizi huacha jambo moja: .38 ile ilikuwa ya risasi butu ya kasi ndogo, haifanani kabisa na 9mm ya leo. Na wale Wamoro walikuwa wameshaamua kufa. Mtu aliyeamua kufa unamsimamisha kwa njia ya pili au ya tatu tu, upende usipende.

Kisa kinachokuhusu wewe zaidi ni cha Miami, tarehe 11 Aprili 1986. Maofisa wanane wa FBI waliwazuia majambazi wawili wa benki, Platt na Matix. Mapema kabisa risasi moja ya 9mm, ya kichwa chenye tundu nchani ili itanuke ikiingia mwilini, ilimpata Platt. Ilipita mkono wake wa kulia, ikaingia kifuani, ikasimama kama inchi moja kabla ya moyo. Kidonda hicho peke yake kingemuua. Lakini aliendelea kufyatua bunduki yake na kabla ya kuanguka aliwaua maofisa wawili na kuwajeruhi wengine. Alipigwa mara 12 kwa jumla. Damu yao ilipopimwa haikuwa na dawa yoyote ya kulevya, kwa hiyo waambie marafiki zako bangi haihitajiki.

FBI wakailaumu 9mm. Wakatafuta kaliba kubwa zaidi, wakapitia ya 10mm, mwisho ikazaliwa .40 mwaka 1990, na polisi wengi wa Marekani wakaifuata. Lakini wakati huo huo walifanya kazi ya maana: walianza kupima risasi kwenye jelatini inayofanana na nyama, wakaweka kipimo kwamba risasi nzuri izame kati ya inchi 12 na 18, yaani sentimita 30 hadi 46, hata ikipita nguo nzito kwanza. Watengenezaji wakalazimika kuunda risasi za kutimiza hayo. Miaka ilipopita, 9mm mpya ikawa inazama vilevile na kutanuka vilevile kama hizo kubwa. Na askari walipopewa 9mm walilenga vizuri zaidi na kupiga ya pili haraka zaidi. Kufikia 2015 FBI walikuwa wameamua kurudi kwenye 9mm. Karibu miaka 30 ya mzunguko, na mamilioni ya dola, kurudi pale pale ulipo wewe na Ceska yako.

Nikusimulie mwanafunzi wangu mmoja, bwana mkubwa wa mwili, mwenye biashara ya mbao. Alikuja uwanjani na .45 mpya inayong'aa. Karatasi iko mita 7, urefu wa sebule. Alipiga sita, mbili ndizo zilizoigusa karatasi, na zote mbili chini, pembeni. Akasema kilengeo kimepinda. Nikachukua magazini yake, nikamgeuzia mgongo, nikachanganya risasi bandia mbili katikati ya zile za kweli. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ilikuwa bandia: bastola ikasema tik, basi, hakuna mlio wala moshi, lakini mtutu uliinama wenyewe kama mbuzi anayekunywa maji. Watu wote nyuma yake waliona. Mkono wake ulikuwa unaogopa teke la bastola kabla halijaja, na kila mara ulikuwa unausukuma mtutu chini. Nilimpa 9mm yangu ya chuma. Ilichukua asubuhi mbili mkono kutulia, kisha sita zote zikakaa ndani ya sahani ya chai. Alikuwa amenunua unene akapoteza shabaha.

Pesa za kubadilisha zipeleke kwenye risasi za mazoezi. Cheti chako kinataja idadi unayoruhusiwa kuwa nayo, kwa hiyo panga na muuzaji wako mwenye leseni. Kila mwezi risasi 50, mita 3 hadi 7, nusu yake kwa mkono mmoja, maana siku ya siku mkono wa pili utakuwa unafunga geti au unamsukuma kijana wako wa dukani aingie ndani. Na uzoee kuitoa bastola chini ya shati unalovaa kazini kweli, si lile la uwanjani.

*

*Shikamoo Afande. Niko Dallas, Texas, nafanya kazi ya kutunza wazee usiku, natoka saa tano. Hapa kila mtu ana bastola. Muuzaji ameniambia mwanamke achukue .380 ndogo au rivolva nyepesi ya .38 ya kuingia kwenye mkoba. Mikono yangu ni midogo. Niamini?*

Marahaba mwanangu. Kabla ya kaliba, karatasi zako. Ni kweli Texas tangu Septemba 2021 mtu mzima asiye na kizuizi anabeba bila kibali. Lakini sheria ya taifa zima inawakataza wengi walioko huko kwa viza ya muda, wanafunzi wakiwemo, hata kushika bunduki au risasi, isipokuwa wachache wenye vighairi kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani hayumo katika katazo hilo. Wengi wetu hawajui, wanakwenda kupiga picha uwanjani na kuziweka mtandaoni, kesho yake wamejiharibia makazi. Muulize wakili wa uhamiaji kwanza.

Kama uko salama hapo, muuzaji amekosea, na kosa lake ni la kawaida. Ndogo kwa mkono mdogo: inasikika kama busara. Lakini uzito wa bastola ndio unaomeza teke. Rivolva ya gramu 400 yenye risasi za .38 inapiga kiganja kama fimbo ya mwalimu, na triga yake ni ngumu, ndefu, inahitaji kidole chenye nguvu. Mwanzoni huipigi mara kumi bila kuanza kuichukia. Na bastola unayoichukia hutaifanyia mazoezi.

.380 ni nini? Ni 9mm fupi. Unene wa kichwa ni ule ule, ila ganda lina urefu wa milimita 17 badala ya 19, baruti ni kidogo, na nguvu yake ni kama nusu. Inaua, usidanganyike. Bastola iliyomuua Archduke Franz Ferdinand Sarajevo mwaka 1914 ilikuwa ya kaliba hiyo. Tatizo lake ni kwamba risasi ya tundu ya .380 mara nyingi ikitanuka haizami vya kutosha, na isipotanuka inakuwa tundu dogo tu. Ukiweza 9mm ya ukubwa wa kati, chukua hiyo. Ukishindwa kuvuta nyuma mfuniko wake wa juu, ule unaoingiza risasi, zipo siku hizi .380 kubwa kidogo zilizotengenezwa ziwe laini kuvuta, na mwanamke anayepiga tano mahali pamoja kwa .380 yuko mbali kumzidi anayekosa kwa 9mm.

Huko kwenu viwanja vinakodisha. Usinunue chochote kabla ya kukodi tatu tofauti na kupiga angalau risasi 50 kwa kila moja. Na usiiweke kwenye mkoba pamoja na funguo na rangi ya mdomo. Funguo huingia kwenye triga. Iwe kwenye ala yake inayofunika triga, mwilini mwako. Mkoba ndio kitu cha kwanza mwizi anachokwapua, mwanangu.

*

*Afande, mimi ni wakala wa M-Pesa Kisumu, ninaishi plot ya mabati, vyumba kumi na viwili. Nina 9mm kwa cheti. Nimesikia risasi za "dumdum" ni haramu duniani. Nitumie zipi nyumbani?*

Umeuliza jambo ambalo ningependa kila mwenye cheti aliulize.

Dum Dum ni mahali, karibu na Kolkata, India. Kulikuwa na kiwanda cha silaha cha Waingereza, na miaka ya 1890 kilitengeneza risasi za bunduki zenye ncha laini iliyo wazi, zinazopanuka zikiingia mwilini. Mkutano wa The Hague mwaka 1899 ukapiga marufuku risasi za aina hiyo vitani. Vitani. Tamko lile linafunga majeshi ya nchi zinazopigana. Polisi wa nchi nyingi hutumia risasi za tundu hadi leo, na sababu yao ndiyo hiyo yako: majirani, risasi isimpite mtu ikawafikia.

Nilifanya jaribio moja na vijana wangu. Tulijaza maji mitungi ya mafuta ya kupikia ya lita 5, sita kwa mstari, imegusana. Mbele ya wa kwanza tukatundika jaketi la mtumba. Risasi ya kawaida ya 9mm, ile ya kichwa cha mviringo kilichovikwa shaba kote, ilipita mitungi yote sita ikazama kwenye tuta la udongo nyuma. Ya tundu ilikutwa ndani ya mtungi wa tatu, imefunguka kama ua la mpamba. Kijana mmoja aliishika mkononi, akauliza, "Afande, hii nyingine sasa ingekuwa kwa nani?" Sikuwa na haja ya kumjibu.

Bati la nyumba yako halihesabiki. Risasi ya bastola inalipita kama karatasi, ikaingia kwa jirani, na pengine ikatokea upande wake wa pili. Ukuta wa mawe ni jambo jingine, lakini wewe huna ukuta wa mawe. Kwa hiyo kama muuzaji wako na cheti chako vinakuruhusu za tundu, weka hizo kwenye magazini ya kulala nayo, na za kawaida ziwe za mazoezi. Kwanza piga angalau magazini mbili za hizo za tundu uwanjani, maana bastola nyingine huzitafuna vibaya zikakwama. Nguo nzito pia huziba tundu na kuifanya risasi isifunguke, kwa hiyo hata hizo usizichukulie kuwa hazipiti mwili.

Lakini kubwa zaidi ni hili: tembea chumbani kwako mchana, simama kila mahali ambapo ungesimama usiku, uangalie nyuma ya mlango kuna kitanda cha nani. Utapata pembe moja au mbili ambazo nyuma yake kuna kiwanja au ukuta wa choo cha mawe. Hizo ndizo pembe zako. Pembe ambayo nyuma yake analala mtoto wa jirani haina risasi inayofaa, ya tundu wala ya shaba. Pale unatumia kitasa kizito, king'ora, na unampa mwizi pesa za watu, floti inalipika. Sheria yetu, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, inapima kujitetea kwa misingi ya sheria ya mazoea ya Uingereza: hatari iwe ya kweli machoni pako, na nguvu iendane nayo. Risasi iliyotoka kwenye mtutu wako ni yako hata ikienda nyumba ya tatu.

*

*Shikamoo Afande. Marehemu baba alikuwa na bastola ndogo sana ya 6.35, ya kukaa kiganjani, pamoja na risasi tisa. Tumeikuta kwenye sanduku lake hapa Arusha. Kaka yangu anataka kubaki nayo, anasema ni kama kichezeo, haiwezi kuua mtu.*

Marahaba, na poleni kwa msiba.

6.35 ni ya mwaka 1905, kazi ya Browning yule yule. Nguvu yake haifiki jouli 100, moja ya tano ya 9mm. Kama silaha ya kujilinda ni mbovu: haisimamishi, na mara nyingi haizami vya kutosha. Lakini kaka yako amechanganya mambo mawili. Kushindwa kumsimamisha mtu sasa hivi na kushindwa kumuua kabisa ni vitu tofauti. Risasi ndogo ikikata mshipa, mtu hukimbia nayo, akapigana, akafika kwao, akafa usiku. Umepata hasara zote mbili: hukujiokoa, na umeua.

Leseni ni ya mtu, hairithiwi kama shamba. Tanzania ina sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Nendeni kituo cha polisi wawili, mkiwa na cheti cha kifo na leseni ya baba kama ipo, mtoe taarifa kwanza bila kuibeba, mwombe askari aje aichukue au awape utaratibu. Msiipeleke kwenye daladala. Na kaka asivute triga kuona kama bado inafanya kazi. Bastola hizo za zamani nyingi zikidondoka zinalia.

*

*Afande, mume wangu ana cheti, ana bastola ya 9mm, anaiweka chini ya mto. Tuna mtoto wa miaka sita. Nikimwambia anasema ikiwa kwenye sefu haitamsaidia. Tafadhali jibu gazetini, yeye husoma ukurasa wako. Mama, Kitengela.*

Bwana, ninajua unasoma.

Miaka mingi iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja kuchukua bastola kama kielelezo. Ilikuwa .22, kaliba ndogo kuliko zote tulizotaja leo, ile ambayo watu wa nyama choma wanaicheka. Sebuleni palikuwa na viatu vya shule vimepangwa mlangoni, soksi zimekunjwa ndani. Mto ulikuwa umelazwa vizuri, na mkono mdogo ulioinua mto huo ulikuwa umeurudisha mahali pake kabla ya kucheza na kile kilichokuwa chini. Baba alikuwa ameketi sakafuni, ananiambia, "Ilikuwa ya kutulinda." Alisema hivyo mara nyingi sana. Nilitoa magazini, nikaondoa risasi iliyokuwa kwenye chemba, pale inapokaa kabla ya kulia, nikahesabu: sita zilizobaki. Niliziandika kwenye daftari na mkono wangu, mimi niliyefundisha watu kutoshtuka, haukuandika sawa.

Unasema sefu itakuchelewesha. Zipo sefu ndogo za vitufe au za alama ya kidole, zinafungwa kwa skrubu kwenye kitanda, na mtu aliyezoea anaifungua kwa sekunde chache, gizani. Fanya mazoezi ya kuifungua kila jioni kwa wiki mbili, utaona. Na mtu aliyeshtuka usingizini anahitaji hizo sekunde. Akili bado imelala. Mkono unaopapasa chini ya mto unaweza kumlenga huyo huyo mkeo anayerudi kutoka msalani.

Mtoto wa miaka sita ana nguvu za kutosha kuvuta triga nyingi kwa vidole gumba viwili akiigeuzia bastola kifuani pake. Usiniambie umemkanya. Inunue sefu leo, kabla ya giza, na bastola ikae humo ama kiunoni mwako, si pengine.

*

*Afande, risasi zangu za 9mm nimekaa nazo hapa Malindi karibu miaka kumi kwenye droo. Maganda yameanza kuota kijani. Bado zitalia?*

Nyingi zitalia. Baruti ikikaa pakavu huishi muda mrefu kuliko tunavyodhani. Lakini pwani hapakauki, na hiyo kijani ni kutu ya shaba nyeupe iliyotengeneza ganda, inayolidhoofisha. Ganda dhaifu linaweza kupasuka ndani ya chemba, au risasi ikalia kwa unyonge na kichwa kikakwama katikati ya mtutu, na ya pili ikija nyuma yake bastola inakupasukia mkononi.

Usizisugue, usizipige mafuta, usizitupe baharini wala kwenye jalala ambako watoto huokota vyuma. Ziweke kwenye mkebe wenye mfuniko, mbali na bastola, uzipeleke kituo cha polisi pamoja na cheti chako, upewe karatasi kwamba umezikabidhi. Mpya ukinunua, andika mwezi na mwaka juu ya boksi kwa kalamu ya wino mzito, ukae nazo mwaka mmoja, kisha uzimalizie uwanjani na kununua nyingine. Droo uachie vijiko.